Muulize Mwalimu wa Historia: Maharamia wanawake walikuwapo kweli?

SWALI: Salamu nyingi, Mwalimu. Mimi ni muuza samaki hapa Dunga. Binti yangu aliye sekondari ameona filamu ya wanawake wenye mapanga wakiteka meli, akaja kunisimulia kwa furaha. Kaka yake akamkatiza: huo ni uongo wa filamu, maana hata hapa ziwani mwanamke alikuwa haruhusiwi kuingia mashua ya uvuvi, sembuse bahari kuu. Wamebishana siku nzima na mimi sina la kuwaambia. Walikuwapo?
*Mama wa wawili, Dunga, Kisumu*

JIBU: Mama, mwambie binti yako ameshinda. Mwambie pia kaka yake kwamba hoja yake si ya kupuuzwa. Mwiko anaoutaja ulikuwapo kwenye fuo zetu, na mabaharia wengi wa Ulaya nao waliamini kwamba mwanamke akipanda meli huleta mkosi. Ndiyo sababu wachache waliovuka mstari huo walikumbukwa.

Twende Bahamas, Agosti 1720. Nahodha John Rackham aliiba merikebu ndogo iitwayo William kutoka bandari ya Nassau, na katika genge lake walikuwemo Anne Bonny na Mary Read. Septemba gavana Woodes Rogers alitoa tangazo dhidi yao, akawataja wanawake hao kwa majina. Zingatia hilo, kwa sababu vitabu na filamu hupenda kutuambia kwamba walijificha ndani ya nguo za kiume hata wenzao wasijue. Gavana mwenyewe alijua! Wafaransa wawili waliotekwa na genge hilo walieleza mahakamani kwamba wanawake hao walivaa kiume wakati wa kufukuza chombo, na nyakati nyingine walivaa nguo zao za kike. Bonny ndiye aliyekuwa akiwapa wanaume baruti. Hakuna aliyewalazimisha kuwa pale.

Walipora nini? Usifikirie masanduku ya dhahabu. Shtaka mojawapo ni la mashua saba za wavuvi karibu na Harbour Island, ambako walichukua samaki na zana za uvuvi. Wewe unayeishi Dunga huhitaji kuelezwa nyumba ya mvuvi inakuwaje anaporudi bila nyavu.

Katika kesi hiyo yote, anayenigusa zaidi ni mwanamke wa tatu, ambaye filamu hazina habari naye. Dorothy Thomas alikuwa ndani ya mtumbwi kaskazini mwa Jamaika, amebeba vitu vyake, genge likamsimamisha na kumpora karibu kila kitu. Alieleza mahakama kwamba Bonny na Read walivaa koti za kiume na suruali ndefu, wamejifunga vitambaa kichwani, kila mmoja ana panga na bastola mkononi. Alijuaje kuwa ni wanawake? Kwa ukubwa wa matiti yao, akasema. Na hao wanawake wenzake ndio waliokuwa wakiwatukana wanaume na kuwahimiza wamuue, asije akatoa ushahidi dhidi yao. Hawakumuua. Akaenda akatoa ushahidi.

Nilipokuwa nikifundisha, wasichana darasani walinitaka niwasimulie Bonny, nami niliwasimulia. Lakini sikuwaruhusu watoke kabla hawajamsikia Dorothy. Mwanamke aliyeporwa asimame mbele ya majaji na kuwaonyesha kwa kidole watu waliotaka afe: huo ni ujasiri ambao mpaka leo naona haujapewa heshima yake.

Genge lilikamatwa Oktoba, karibu na Negril, magharibi mwa Jamaika, na Jonathan Barnet, nahodha aliyetumwa kuwasaka maharamia. Rackham alinyongwa tarehe 18 Novemba 1720. Bonny na Read walihukumiwa siku kumi baadaye, nao pia wanyongwe, wakasema wana mimba. Sheria ya Kiingereza haikuruhusu mwenye mimba anyongwe, basi hukumu ikasimamishwa. Read alikufa gerezani akazikwa Aprili 1721. Hakuna kumbukumbu inayoonyesha kwamba Bonny alinyongwa.

Visa vya utoto wao, vya kulelewa kama wavulana na vya mapenzi melini, vilitoka katika kitabu kilichochapishwa London mwaka 1724 kwa jina la Captain Charles Johnson, miaka minne baada ya kesi, kwa wasomaji waliokuwa na njaa ya visa. Msimulie binti yako, ila umwambie wazi kwamba hapo ushahidi umekwisha na hadithi imeanza.

SWALI: Mwalimu, tumebishana kinyozini mpaka mwenye kinyozi akatufukuza. Haramia mwanamke mkuu kuliko wote alikuwa nani? Na Afrika hatukuwa naye?
*Msomaji, Nakuru*

JIBU: Mkuu kuliko wote alikuwa Mchina, Zheng Yi Sao, aliyezaliwa mwaka 1775. Mumewe, Zheng Yi, aliwaunganisha maharamia wa pwani ya Guangdong kwa mkataba wa mwaka 1805, kila kundi na rangi ya bendera yake. Mwaka 1807 mume akafa.

Sisi wa upande huu wa Kenya tunajua yanayomkuta mjane siku kama hiyo: jamaa hukusanyika kugawana mali naye yuko jikoni. Mama huyu hakungoja kikao. Aliwaendea jamaa na makamanda wa marehemu mmoja baada ya mwingine mpaka wakawa upande wake. Kundi la Bendera Nyekundu alimkabidhi Zhang Bao, mwana wa mvuvi ambaye mumewe alimteka akiwa na miaka 15 na kumfanya mwana wa kulea. Baadaye akaolewa naye.

Kilichofanya himaya yake idumu ni daftari. Nyara zote zililetwa kwanza kwa karani, zikaandikwa. Aliyezipata alichukua sehemu mbili kati ya kumi, nane zikaenda ghala la wote, na aliyeficha kitu aliadhibiwa vikali. Majahazi ya chumvi yalinunua vibali vya kupita, na mwenye kibali hakuguswa. Serikali ya China ilituma meli zake za kivita zikashindwa.

Msimfanye mtakatifu, tafadhali. Vijiji vilichomwa, watu wakauawa, wengine wakashikwa mpaka fidia ilipwe. Mwingereza Richard Glasspoole, aliyetekwa mwaka 1809, aliandika aliyoyaona, nayo yanatisha.

Lakini sikilizeni alivyomaliza. Mwaka 1810, mazungumzo ya kusalimu amri yalipokwama, alikwenda mwenyewe Guangzhou kwa gavana mkuu, bila silaha, akifuatana na wanawake na watoto. Akapata masharti aliyoyataka. Maharamia zaidi ya 17,000 walisalimu amri, Zhang Bao akapewa cheo katika jeshi la serikali, na mama akafa mwaka 1844 akiwa mtu huru. Rackham na wenzake walidumu takriban miezi miwili tu.

Afrika tulikuwa naye: Sayyida al-Hurra, aliyetawala mji wa Tétouan, Moroko, mpaka mwaka 1542. Familia yake ilitoka Granada, mji ulioangukia mikononi mwa wafalme wa Uhispania mwaka 1492, na uchungu huo haukumtoka. Meli zake zilisumbua Wareno na Wahispania magharibi mwa Bahari ya Mediterania, huku mshirika wake Barbarossa, nahodha mashuhuri wa Waturuki, akitamba mashariki. Maadui walimwita haramia. Kwa watu wake alikuwa gavana aliye vitani, nami nawaunga mkono watu wake. Mwaka 1541 Sultani wa Moroko alipomwoa, ni Sultani aliyefunga safari kwenda Tétouan.

SWALI: Nina mashua mbili hapa Usenge. Vijana wangu waliporwa injini usiku, kwa bunduki. Watu wanasema ni maharamia. Sheria nayo inawaita hivyo?
*Mama mwenye mashua, Usenge, Siaya*

JIBU: Pole sana, mama. Nashukuru vijana walirudi wazima. Mkataba wa Umoja wa Mataifa wa Sheria ya Bahari wa mwaka 1982, ambao Kenya iliuridhia mwaka 1989, unaeleza uharamia katika kifungu cha 101: ni lazima uwe katika bahari kuu, au mahali pasipo chini ya mamlaka ya nchi yoyote. Ziwa letu limegawanywa kati ya Kenya, Uganda na Tanzania, na hakuna tone lisilo na mwenyewe. Kwa hiyo lililotendeka upande wetu ni wizi wa mabavu, kosa lililomo katika sheria ya jinai, nalo ni zito vya kutosha.

Wakalishe vijana leo kabla hawajasahau, uandike kila wanachokumbuka: wezi walivaa nini, walisema kwa lugha gani, mashua yao ilikuwa na rangi gani, walielekea wapi. Tafuta risiti ya injini na nambari yake. Peleka vyote kituo cha polisi, na usiondoke bila nambari ya OB, yaani ya daftari la matukio la polisi.