Masomo ya sauti kwa lugha ya nyumbani: yanachelewesha Kiingereza?

Mwalimu mwenzangu, umeuliza kama kuwasikilizisha watoto wa darasa la kwanza masomo kwa lugha ya nyumbani kutawachelewesha kushika Kiingereza. Wangu hawakuchelewa. Ila nilianza vibaya, na sipendi upite nilikopita.

Mwanzoni nilirekodi somo zima, kila sentensi ya Kiingereza ikifuatwa na tafsiri yake. Wiki haikuisha watoto wakawa wameujua mchezo: Kiingereza kikianza wanachezea kamba za viatu, wakisikia lugha yao wanainua vichwa. Kwa nini wahangaike na kigumu wakati chepesi kinakuja nyuma yake? Nikaacha.

Sasa narekodi dakika 3 au 4 tu, kwa lugha yao peke yake, wasikilize siku moja kabla ya somo. Siwafundishi msamiati, nawaeleza jambo lenyewe. Somo la mvuke, kwa mfano, nilianza hivi: "Nguo ikianikwa asubuhi inachuruzika maji. Jioni imekauka. Yale maji yamekwenda wapi?" Kisha nikanyamaza kama sekunde 5. Kimya hicho usikikate hata kidogo, ndipo mtoto anapofikiri. Kesho yake, kwenye somo la Kiingereza, kilichobaki ni kutafuta jina la kitu anachokijua tayari. Binti mmoja ambaye muhula mzima hakufungua mdomo alinyoosha kidole akasema, "Water go up, teacher." Sarufi tulirekebisha baadaye. Siku ile nilifurahia kwamba amelielewa somo, na amelisema kwa Kiingereza.

Jim Cummins, mtafiti aliyefanya kazi Kanada, alishaeleza tangu 1979 kwamba anachokielewa mtoto kwa lugha moja humsaidia katika nyingine. Tena akaonyesha kuwa Kiingereza cha maongezi hushikwa kwa miaka 2 hivi, lakini cha kusomea huchukua 5 hadi 7. Kwa hiyo ukimsikia anapiga soga uwanjani usiharakishe kumwondolea msaada.

Kuna mahali rekodi hizi hazifiki. Herufi "a" kwa Kiswahili ina sauti moja. Kwa Kiingereza inabadilika kati ya "cat", "cake" na "father". Hilo mfundishe kwa Kiingereza chenyewe, uso kwa uso, akuone mdomo.

Kama lugha ya mtoto huijui, muombe mzazi au bibi arekodi kwa simu yake. Usimpe karatasi ya kusoma, maana sauti inakauka. Mpe hoja 2 au 3, umwambie amsimulie mtoto kama wanavyozungumza nyumbani, halafu mtu mwingine wa lugha hiyo asikilize kabla hujaicheza darasani. Na yule ambaye nyumbani hakuna simu, mimi humwita mapema kabla ya kipindi, anasikiliza mara mbili pembeni ya meza yangu.