Kikombe cha Mgeni huko Tarbagatay

Nilipokuwa mwanafunzi Moscow, nilisafiri kwa treni zaidi ya kilomita 5,600 hadi Ulan-Ude, mji wa Siberia, kisha kwa basi dogo hadi Tarbagatay, wanakoishi Waumini wa Kale, Wakristo wa Orthodoksi wanaoshika ibada ya zamani, waitwao Semeiskie. Mababu zao walikataa mageuzi ya ibada ya Patriaki Nikon, mkuu wa Kanisa la Orthodoksi la Urusi, yaliyoanza mwaka 1653, ambayo yaliamuru pamoja na mengine kwamba ishara ya msalaba ifanywe kwa vidole vitatu badala ya viwili. Kasisi Avvakum, aliyeongoza upinzani huo, alichomwa moto mwaka 1682. Katika karne ya 18, Katerina wa Pili, malkia wa Urusi, aliagiza wengi waliokuwa wamekimbilia Poland wahamishiwe Siberia pamoja na familia zao, na ndipo lilipotoka jina hilo, kwa kuwa *semya* kwa Kirusi ni familia.

Kama unataka nyimbo, nyumba zilizopakwa rangi na chakula cha mchana, wapo wenyeji waliozoea kupokea watalii, nawe utafurahi. Nyumbani kwa wazee mambo ni mengine, na hapo ndipo ushauri wangu unapohusika.

Bibi aliyetukaribisha alinipa chai katika kikombe kilichotolewa kwenye rafu ya peke yake, karibu na mlango. Mimi, ambaye nilikuwa nimekwisha kuonja ubaguzi wa mjini, nilihisi moto kifuani, nikadhani ni rangi yangu. Kisha nikaona rafiki yangu, Mrusi wa Moscow aliyebatizwa katika Kanisa la Orthodoksi la Urusi, naye akipewa chombo cha rafu ileile. Kwa Waumini wa Kale wanaoshika desturi, vyombo vya chakula havichanganywi na vya watu wa nje ya imani yao, awe Mrusi au Mwafrika. Kwa hiyo usinung'unike, wala usijitolee kuosha vyombo vyao.

Mlangoni nilijihisi niko kwetu. Jirani alipofika hakuingia, bali alisimama akatamka sala fupi ya kumwomba Yesu rehema, akangoja hadi ndani kulipojibiwa "Amina". Ni hodi kabisa! Wewe usiiigize sala hiyo. Bisha na usubiri.

Sigara iache mbali, kwa kuwa tumbaku kwao ni dhambi nzito. Mwanamke avae sketi ndefu na kitambaa cha kichwa. Ukiruhusiwa kuhudhuria ibada, simama nyuma na mikono yako itulie, maana kujifanya ishara ya msalaba kwa vidole vitatu mbele yao ni kuwakumbusha ugomvi wa zaidi ya miaka 350. Kamera isitoke mfukoni kabla hujaomba ruhusa, na ukikataliwa usiombe tena.

Niliporudi kiangazi kilichofuata nilibeba kikombe changu cha bati. Bibi alikitazama, akacheka, akakimiminia chai mwenyewe, na nilipoaga akaniomba nikiache kwenye ile rafu ya mlangoni.