Maswali ya Wasomaji: Vyombo vya Kijapani katika Jiko la Lamu

SWALI: Mhariri mpendwa, assalaam aleikum. Nina nyumba ndogo ya wageni huku Langoni, Lamu. Mpwa wangu aliyeko Mombasa hunionyesha picha za vyombo vya nyumbani vya Kijapani, visu, mabirika, bakuli na chupa za sosi, naye ananisihi nivinunue niachane na vyombo vya plastiki vinavyopasuka kabla ya mwaka kwisha. Bei yake si ndogo. Naomba unieleze ubora wake hasa uko wapi, na ni vipi kati yake vitakavyostahimili hewa yetu ya chumvi. (Mama wa Langoni)

JIBU: Wa aleikum salaam, mama. Sura ya vyombo hivi hupendeza, lakini thamani yake kubwa imo katika subira ya mtu aliyeishika kasoro ndogo ya kila siku, ambayo wengi wetu tumeizoea hata hatuioni tena, akaifuata mpaka akaikomesha. Fikiria tone la sosi linaloteremka ubavuni mwa chupa na kutia doa kitambaa cha meza. Mwaka 1958 Masahiro Mori, msanifu wa kiwanda cha kaure cha Hakusan kilichoko Hasami, mkoani Nagasaki, alibuni chupa ndogo ya sosi ya soya inayokaa vyema mkononi na kukata tone bila kuchuruzika, na chupa hiyo inauzwa hadi leo. Mwaka 1961 kampuni ya Kikkoman ilitoa chupa ya kioo yenye kifuniko chekundu, iliyosanifiwa na Kenji Ekuan na wenzake baada ya kazi ya miaka ipatayo 3 na vielelezo vinavyokaribia 100. Kitako chake ni kipana, hivyo haipinduki ovyo; shingo yake ni nyembamba, hivyo hata mtoto huishika; na ukingo wa chini wa mdomo wake umekatwa kuelekea ndani, kwa hiyo tone la mwisho hurudi chupani. Kifuniko kina midomo miwili, mmoja wa kutolea sosi na wa pili wa kuingizia hewa, nawe ukiuziba huo wa pili kwa kidole, sosi hupungua au husimama. Ukiipata, usiitupe ikiisha sosi: ioshe, uikaushe, utie siki au mafuta ya simsim, nayo itawatumikia wageni wako miaka mingi.

Mtazamo huu una historia. Soetsu Yanagi, mwanafalsafa wa Kijapani, aliwatetea mafundi wasiojulikana majina, waliofinyanga na kufuma vitu vya matumizi ya watu wa kawaida, akaanzisha jumba la makumbusho ya kazi zao mjini Tokyo mwaka 1936. Mwanawe, Sori Yanagi (1915–2011), aliuhamishia moyo huohuo viwandani. Badala ya kutegemea michoro, alichonga vielelezo vya plasta na kuvishika kwa mikono, akivirekebisha hadi viganja vyake viliporidhika. Hivyo ndivyo yalivyopatikana mabakuli na mabirika yake ya chuma. Ninapowatazama mafundi wa Lamu wakichonga milango na viti vya enzi, huona ujuzi wa mkono usiopungukiwa na chochote, na natamani wateja wetu wawaagize pia mwiko, upawa na mbuzi ya nazi kwa uangalifu uleule wanaouagizia mlango.

Sasa tuje kwenye chumvi. Mabirika mazito ya chuma cha kusubu yatokayo mkoa wa Iwate, yajulikanayo kama Nambu, ni mazuri mno, lakini lile la kuchemshia maji halina rangi wala kauri ndani yake, nalo lisipokaushwa kabisa kila baada ya kutumiwa hushika kutu hata bara, sembuse pwani. Mimi singekushauri ulinunue kwa nyumba ya wageni, ambako chombo hupita mikononi mwa watu wengi. Chagua vyombo vya chuma kisichoshika kutu, vilivyoandikwa 18-8, yaani vyenye kromi asilimia 18 na nikeli asilimia 8. Vingi vya aina hiyo hutengenezwa Tsubame, mkoani Niigata, mji wa wafua vyuma ulioanza kwa kufua misumari. Hata hivyo, usiruhusu maji ya chumvi yakaukie juu yake, kwa sababu chumvi hutoboa vitundu vidogo hata katika chuma hicho. Suuza kwa maji baridi yasiyo na chumvi na ufute.

Kuhusu visu, jihadhari zaidi. Kile kiitwacho deba, ambacho mji wa Sakai karibu na Osaka unasifika kwa kukitengeneza, kina mgongo mnene na kimekusudiwa kukatia vichwa vya samaki na kuchanulia minofu, kwa hiyo kitamfaa sana mpishi wako anaposhughulika na changu na kolekole. Visu vya Kijapani huwa vigumu kuliko tulivyozoea, hivyo makali yake hudumu, lakini ugumu huo ndio unaovifanya vimeguke vikipigwa. Mpishi asikivunjie nazi kamwe. Akinoe kwa jiwe la kunolea linalotumiwa likiwa limeloweshwa maji, na ununue chenye chuma kisichoshika kutu.

Lipo jambo moja la kufurahisha kabla sijamaliza. Mojawapo ya vyombo vinavyopendwa sana Japani ni burashi ya kusugulia iitwayo Kamenoko Tawashi, iliyobuniwa Tokyo mwaka 1907 na Shozaemon Nishio, nayo hutengenezwa kwa usumba wa nazi uliobanwa katikati ya waya zilizosokotwa, ukapunguzwa sawasawa, kisha ukakunjwa kuwa umbo la kobe. Usumba wenyewe huwajia kutoka nchi za minazi. Makumbi tunayo, mama, na anayeweza kusokota kamba hashindwi na burashi.

SWALI: Nimepewa sufuria ya umeme ya kupikia wali, iliyotumika, kutoka Japani. Je, naweza kuichomeka? (Kijana wa Mkunguni)

JIBU: Kaka, soma kwanza kibandiko cha chini. Umeme wa Japani ni volti 100 na wa kwetu ni 240, kwa hiyo sufuria ya 100 ukiichomeka moja kwa moja itapokea nguvu inayozidi mara 5 na kuungua. Itakulazimu ununue transfoma ya kushusha umeme, yenye wati nyingi kuliko zilizoandikwa kwenye sufuria. Iliyotengenezwa kwa soko la nje huandikwa 220–240, nayo haina shida.

Sufuria ya kwanza ya aina hii iliyofanikiwa sokoni ilitolewa na Toshiba mwaka 1955, baada ya Yoshitada Minami na mkewe Fumiko kuifanyia majaribio mengi. Ilitegemea jambo hili: maji yakiwepo, joto halipandi kupita nyuzi 100, yakiisha, joto hupanda ghafla na swichi hujizima. Tui zito hulivuruga jambo hilo, kwani hutulia chini, likaungua na kuizima swichi wali ungali mbichi. Pika kwa tui jepesi, na swichi ikishajizima ndipo utie kasimile, uchanganye taratibu na ufunike kwa dakika 10.