Usiandike kwamba uhuru wa dini hauwahusu

Mkuu, usipeleke hiyo barua ya kudai haki uliyotuonyesha kama ilivyo. Umeandika kwamba kikundi chenu cha wahumanisti, yaani watu wanaojenga maadili yao juu ya utu na akili bila kumtegemea Mungu, "hakina dini, kwa hiyo uhuru wa dini hautuhusu, tunachodai ni uhuru wa kujieleza". Sentensi ya namna hiyo niliikuta kwenye jalada la mwenzetu mmoja, na ndiyo iliyommaliza.

Huyo mwenzetu ni mwalimu, na haamini Mungu. Shuleni kwake walimu walipangiwa zamu za kuongoza sala ya asubuhi. Ilipofika zamu yake akaomba mwenzake aongoze, yeye asimame pembeni kwa utulivu, na badala yake achukue zamu nyingine yoyote watakayompa. Wakakataa. Akaandikiwa onyo, la pili likafuata, kisha akasimamishwa kazi. Mpaka hapo kesi ilikuwa nyepesi: mtu kalazimishwa kutamka maneno ya ibada asiyoyaamini, kaadhibiwa kwa kukataa.

Akatafutiwa mshauri wa sheria. Tuliambiwa ni mzoefu wa haki za binadamu. Bwana yule akaandika malalamiko marefu, yote yamekaa juu ya uhuru wa kujieleza, na kwenye ukurasa wa kwanza akaweka kwamba mlalamikaji hana dini na wala hadai haki yoyote ya kidini. Alipoulizwa kwa nini, akasema uhuru wa dini ni wa wenye dini, ukiugusa utachekwa.

Jibu la mwajiri halikujaza hata ukurasa. Walisema mambo mawili tu. Kwanza, mlalamikaji mwenyewe kakiri hana dini, basi hakuna dini ya kulindwa. Pili, hakuna aliyemkataza kusema lolote. Na kwa hilo la pili walikuwa sahihi! Hakuna aliyemziba mdomo yule mwalimu, alilazimishwa kuufungua. Shauri likatupwa. Akabadilisha wakili, akaenda rufaa, huko akaambiwa hoja ya dhamiri haikuwahi kuletwa chini kwa hiyo haiwezi kuibukia juu. Kazi ikaenda, na akiba yake ikaenda nayo.

Bado nina hasira na yule mshauri, sifichi. Mtu analipwa asome sheria, anasoma neno moja na kuacha mengine yote yaliyolizunguka. Ibara ya 18 ya Tamko la Ulimwengu la Haki za Binadamu la 1948 inataja uhuru wa mawazo, wa dhamiri na wa dini, vyote pamoja, na inazungumzia dini au imani. Mkataba wa Kimataifa wa Haki za Kiraia na Kisiasa wa 1966 umerudia hayo kwenye ibara yake ya 18, ukaongeza kwamba mtu asilazimishwe kwa namna itakayoharibu uhuru wake wa kuwa na dini au imani anayoichagua. Na ili asibaki mtu wa kubisha, mwaka 1993 Kamati ya Haki za Binadamu ya Umoja wa Mataifa ilitoa ufafanuzi, Maoni ya Jumla namba 22: ibara hiyo inalinda imani za wanaomwamini Mungu, zisizohusu Mungu, na za wanaomkana, pamoja na haki ya kutofuata dini wala imani yoyote. Imeandikwa waziwazi. Mtu aliyeitwa mtaalamu alikuwa na miaka mingi ya kuisoma.

Kuna kesi pia, na zinafanana na ya mwalimu kuliko unavyodhani. Roy Torcaso, Marekani, aliteuliwa kuwa mthibitishaji wa hati katika jimbo la Maryland, akanyimwa kazi kwa kukataa kutamka kwamba anaamini Mungu yupo. Mwaka 1961 Mahakama Kuu ya Marekani ilimpa ushindi, majaji wote, kwa msingi wa uhuru wa dini na imani. Huko San Marino, nchi ndogo iliyozungukwa na Italia, wabunge waliochaguliwa 1993 walitakiwa kuapa kwa Injili la sivyo wapoteze viti vyao. Mwaka 1999 Mahakama ya Ulaya ya Haki za Binadamu ikasema uhuru wao wa dini umevunjwa. Mahakama hiyohiyo, katika kesi ya Kokkinakis dhidi ya Ugiriki ya 1993, ilikwisha sema kwamba uhuru huu ni mali ya thamani hata kwa wakana Mungu, wenye mashaka na wasiojali habari za dini. Cha kuchekesha, Kokkinakis mwenyewe alikuwa Shahidi wa Yehova. Kesi ya muumini wa dhati ndiyo iliyotupa sisi tusioamini maneno mazito kiasi hicho, ndiyo maana naumia nikisikia wenzetu wanasema hawataki hata kusimama karibu na neno dini.

Halafu pima nguvu ya hizo haki mbili. Chini ya Mkataba wa 1966, serikali ikitangaza hali ya hatari inaweza kusitisha kwa muda baadhi ya haki, na uhuru wa kujieleza ni mojawapo ya zinazoweza kuguswa. Ibara ya 18 haiguswi. Ibara ya 4 imeiorodhesha miongoni mwa zisizositishwa. Usalama wa taifa, kisingizio kinachopendwa kuliko vyote, umetajwa kama sababu ya kubana kujieleza, lakini haumo kwenye sababu za kubana kudhihirisha imani. Na kile mtu anachokiamini moyoni hakibanwi kwa sababu yoyote ile. Sasa wewe unataka kuitupa hiyo kwenye aya ya kwanza kwa hiari yako?

Simaanishi uhuru wa kujieleza uachwe. Mubarak Bala, mhumanisti wa Nigeria, alikamatwa Aprili 2020 kwa alichoandika Facebook, na 2022 akahukumiwa miaka 24. Ikapunguzwa kwenye rufaa, akatoka gerezani Januari 2025. Mtu akifungwa kwa maandishi, lazima kujieleza kuingie. Lakini kunaingia kando ya imani na dhamiri, vyote viwili kwenye karatasi moja tangu siku ya kwanza.

Kwa hiyo andika hivi: "Sisi ni wahumanisti. Huu ndio msimamo wetu wa dhati kuhusu maisha, maadili na ulimwengu, na unalindwa na uhuru wa mawazo, dhamiri na dini au imani." Baada ya hapo ndipo uweke uhuru wa kujieleza na wa kujumuika. Usiandike "hatuamini chochote". Hilo si kweli, na litageuzwa dhidi yenu.

Ambatanisha na maelezo ya kila mwanachama kwa maneno yake mwenyewe: anaamini nini, alifikaje hapo, kinambadilishia nini katika maisha yake ya kila siku. Mwaka 2018 Uingereza ilimkatalia hifadhi mhumanisti kutoka Pakistani, na moja ya sababu walizotoa ni kwamba hakuwataja Plato na Aristotle alipoulizwa kuhusu wanafalsafa wa uhumanisti. Kelele zilipigwa na baadaye akapewa hifadhi, lakini wewe usingoje kelele. Mtu anayeweza kueleza mwenyewe kwa nini hawezi kuongoza sala hahitaji mtihani wa wanafalsafa wa kale.

  Wewe rekebisha aya ya kwanza, uibandike hapa tuisome kabla hujagonga muhuri.