Kwa mnaoanza kazi za kompyuta: nilipotea mara tatu kabla ya kufika

Mdogo wangu mmoja wa Wete, mtoto wa mama mdogo, kamaliza Fomu Sita. Kanitumia ujumbe: "Kaka, kwenye kompyuta nisomee nini? Programu, mitandao au usalama?" Nikamuuliza katika hayo ameshagusa lipi. Hajagusa hata moja. Ni sawa na mtu anayeuliza avue kwa dema au kwa mshipi, na baharini hajatia mguu.

Mimi nilianzia kwenye simu. Desemba 2009 umeme wa kutoka bara ulikatika, na Unguja tukakaa gizani hadi Machi 2010. Fundi mmoja pale Darajani alikuwa na jenereta, watu wakipanga foleni kuchaji simu, akanichukua nipokee simu na kuzibandika vikaratasi vya namba. Umeme uliporudi nikabaki, akaanza kunifundisha kazi.

Mikono yangu haikuumbwa kwa kulehemu. Kidude cha ukubwa wa punje ya mtama nikikigusa, nakiunguza pamoja na majirani zake. Lakini kwa yule fundi nilipata kitu ambacho sijakiacha. Simu haipokei chaji? Usiifungue. Jaribu chaja nyingine, halafu waya mwingine, halafu safisha tundu, maana hewa yetu hii ya chumvi inakula shaba. Rahisi kwanza, bisibisi baadaye. Hadi leo programu ikinigomea, naanza hivyo hivyo.

Kisha nikahamia kwenye tovuti. Nilijifundisha HTML na CSS, lugha za kuandikia kurasa za tovuti na kuzipamba, usiku, bando likiwa la bei nafuu, nikapata wateja wa mahoteli kule Paje na Jambiani. Hapa naomba mnisikilize vizuri, maana ndipo nilipopoteza miaka miwili. Pesa ilikuwepo. Kila mwezi nilikuwa fundi zaidi kuliko mwezi uliopita, na kila mwezi nikifungua kompyuta moyo unakuwa mzito zaidi. Leo mteja anataka bahari ya kwenye picha ikoze bluu, kesho anataka ipunguzwe, keshokutwa mkewe kaipenda ile ya mwanzo.

Katika miaka yote miwili nakumbuka kazi moja tu iliyonifurahisha, nayo ilianza kwa aibu. Mgeni alijaza kwenye fomu yangu apokelewe uwanja wa ndege 8:00. Mfanyakazi wa hoteli akaisoma saa nane, kama ambavyo ningeisoma mimi au wewe. Gari limefika mchana, mgeni yuko pale tangu saa mbili asubuhi, kakaa juu ya begi lake. Lawama zikaja kwangu, na kwa haki, fomu ni yangu. Nilirekebisha ile sehemu ya saa kwa dakika kumi tu. Halafu nikakaa siku mbili napekua maombi yote ya zamani, natafuta saa nyingine zilizosomwa vibaya. Hakuna aliyenituma wala kunilipa. Chakula cha mchana nilikisahau. Ningekuwa na akili siku ile ningejiuliza kwa nini rangi zinanichosha na saa hazinichoshi. Sikujiuliza.

Mitandao niipitie upesi. Miezi minne ya kuunganisha kompyuta kwa kebo, na ndani ya kila kebo nyaya nane, nyeupe-chungwa mwanzo na kahawia mwisho. Naweza kuzipanga nimefumba macho. Halafu nikaambiwa nipande mnara. Nikafika nusu, nikashuka. Wapo wanaopanda huku wanaimba, Mungu awalinde.

Nilipofika ni kwenye data, yaani kusafisha na kupanga taarifa zilizohifadhiwa kwenye kompyuta, na nilifika kwa bahati. Ofisi moja ilikuwa na orodha ya wanachama wake kwenye mfumo ulionunuliwa nje, wenye kisanduku cha "jina la ukoo". Sasa nyie mnajua majina yetu: lako, la baba, la babu. Juma Khamis Ali akizaa mtoto akamwita Salum, huyo ni Salum Juma Khamis. Baba ukoo wake "Ali", mtoto ukoo wake "Khamis", mfumo unaona watu wasiojuana. Ongeza na Khamis anayeandikwa Hamisi, Mohamed mwenye tahajia tano, na tarehe ambazo 04/07 huku ni Julai, kwingine ni Aprili. Nilijifunza SQL, lugha ya kuulizia na kurekebisha orodha kama hizo, kwa ajili ya ule uchafu. Siku ya kwanza niliinua kichwa nikisikia adhana, nikadhani Alasiri. Ilikuwa Magharibi.

Kwa hiyo, mdogo wangu, wiki ya kwanza ya kitu chochote usiipe hukumu. Wiki ya kwanza kila kitu kinauma, kwa sababu hujui. Ugumu wa kutojua unapungua kadiri unavyojua. Ule wa kutopenda unazidi kadiri unavyokuwa hodari, na huo ndio wa kuukimbia. Mimi nilifanya kinyume: kwenye tovuti nilibaki kwa kuwa niliweza.

Na kujaribu si kutazama video. Maliza kitu kimoja kidogo ambacho mtu mwingine atakitumia na atakulalamikia: hesabu za duka la shangazi, ratiba ya timu ya mtaani. Kitu cha peke yako hakina wa kukulalamikia, hakikufunzi. Kompyuta ya mtumba yenye RAM (kumbukumbu ya kufanyia kazi) ya GB 8 inakutosha. Mpya yenye 4 itakuchelewesha. Andika kwenye daftari kila siku umekwama wapi. Baada ya miezi mitatu lisome, utaona ni kurasa zipi uliandika kwa hamu.

Yule wa Wete nimempa kazi: orodha ya wanafunzi wa madrasa ya jirani yao, imeandikwa na walimu watatu kwa miaka tofauti. Jana saa tano usiku kanipigia. "Kaka, huyu Suleiman na huyu Seleman si mtu mmoja?" Nikamwambia akalale, asubuhi amuulize ustadhi. Saa sita kanitumia mwingine.