Wakala mpya wa bima ya mazishi: kwa nini kampuni inanidai?

Swali: Kaka, habari za kazi. Mwezi wa tatu nilipata leseni ya bima ya maisha hapa Ohio, nikaanza kuwauzia wazee wa Kimarekani bima ya gharama za mazishi. Miezi miwili ya mwanzo fedha iliingia vizuri hata nikaacha zamu za usiku kwenye nyumba ya kulelea wazee. Sasa kampuni inanidai, eti bima kadhaa nilizouza zimekufa na kamisheni lazima irudi. Aliyeniingiza kwenye kazi hii anasema dawa ni kununua majina mengi zaidi ya watu wanaoweza kuwa wateja. Nimekosea wapi? Na mtu huchukua muda gani kuijua kazi hii?

Jibu: Dada, kwanza acha kununua majina. Deni lako halikuletwa na uchache wa wateja bali na wateja kutobaki. Ukiongeza wengine wa namna ileile, unaongeza deni.

Tuipige hesabu. Mteja analipa dola 60 kwa mwezi, yaani 720 kwa mwaka. Mkataba wako ukiwa wa kamisheni ya asilimia 100 ya ada ya mwaka wa kwanza na kampuni ikitanguliza ya miezi tisa, bima ikianza tu unaingiziwa dola 540. Ule ni mkopo, na anayekulipia ni mteja, kidogo kidogo, kila ada yake inapokatwa. Akilipa miezi miwili akaacha, umestahili 120 tu, 420 zinarudi. Wateja watano wa hivyo ni dola 2,100 ambazo umeshazila. Usiikimbie kampuni. Ina uwezo wa kulipeleka jina lako Vector One, ambako kampuni nyingine huangalia wakala gani ana madeni kabla ya kumpa mkataba. Wapigie, uombe kulipa kwa awamu. Na zile zamu za usiku, kama bado wanakuhitaji, zirudie kwa muda; mawakala wengi wazuri walianza wakiwa na kazi nyingine.

Sasa, bima hufa kwa nini? Wakala mpya hudhani mteja amebadili mawazo. Wapo wa hivyo, lakini mimi huanza kuangalia tarehe ya makato. Wateja wako wanaishi kwa malipo ya Social Security, yaani mafao ya uzeeni ya serikali, na malipo hayo hayaingii siku moja kwa wote. Aliyezaliwa kati ya tarehe 1 na 10 hulipwa Jumatano ya pili ya mwezi. Tarehe 11 hadi 20, Jumatano ya tatu. Tarehe 21 hadi 31, Jumatano ya nne. Walioanza kulipwa kabla ya Mei 1997 hupata tarehe 3, na wale wa SSI, yaani msaada wa wenye kipato kidogo, tarehe 1. Mama aliyezaliwa tarehe 25 ukimwandikia makato ya tarehe 15, siku hiyo akaunti yake ina vijisenti tu. Makato yanagonga mwamba, benki inamtoza faini, naye anakasirika na kusema hiyo bima siitaki tena. Umempoteza kwa tarehe. Kampuni nyingi za bima hizi zinakubali makato yafuate Jumatano ya mteja, ila ni wewe unayepaswa kuijaza hivyo kwenye fomu.

Kuna na jambo la jina. Mteja amezoea jina lako. Akiona kwenye taarifa ya benki jina la kampuni asilolijua, anayazuia makato akidhani ameibiwa. Kabla hujaondoka mwandikie kwenye karatasi, kwa herufi kubwa, jina litakavyoonekana, kiasi na siku, aibandike kwenye friji. Anayelipwa kupitia Direct Express, kadi ya kupokelea malipo ya serikali bila akaunti ya benki, muulize pia kama ana akaunti ya kawaida ya benki. Kadi ile ikiisha fedha imeisha, na si kila kampuni inaipokea.

Halafu kiasi chenyewe. Chama cha wakurugenzi wa nyumba za mazishi Marekani, NFDA, kilitaja dola 8,300 kuwa gharama ya kati ya mazishi yenye kuaga mwili na kuzika kwa mwaka 2023, bila kuhesabu gharama za makaburini. Social Security yenyewe hutoa dola 255 mtu akifariki, tena kwa mjane au watoto wenye sifa tu. Kwa hiyo hitaji lipo, halina ubishi. Lakini mtu wa kipato cha dola 1,200 kwa mwezi ukimwandikia bima ya 20,000 kwa sababu kamisheni yake ni nono, umempa mzigo ambao atautua mwezi wa nne. Bima ya 8,000 inayolipika ina faida kwake na kwako. Na mwenye SSI mweleze mapema kwamba bima za maisha zikizidi jumla ya dola 1,500, thamani ya fedha iliyojikusanya ndani yake huhesabiwa kwenye mali zake, ambazo kikomo chake ni dola 2,000.

Ukiacha makato na kiasi, lipo jambo linalochukua muda mrefu zaidi kulijua: afya ya mteja. Bima hizi hazina vipimo vya daktari, zina maswali ya ndiyo na hapana, na kampuni inachungulia kwenye kompyuta dawa ulizoandikiwa miaka iliyopita. Usimuulize mzee “afya yako ikoje?” Atakuambia anamshukuru Mungu. Mwombe alete chupa zote za dawa mezani. Zisome moja moja, na kila moja uliza daktari alimpa kwa ajili ya nini. Furosemide ya kuvimba miguu si sawa na furosemide iliyokaa pamoja na carvedilol na Entresto; hapo moyo umeshindwa kazi, hata kama mzee mwenyewe anauita presha. Gabapentini ya mgongo kampuni nyingi zitaipitisha; ya neva zilizoharibiwa na kisukari, baadhi zitaikataa au kupandisha bei. Kila kampuni ina orodha yake, ndiyo maana wakala mwenye kampuni moja tu huishia kumlazimisha kila mteja aingie kwenye kiatu kile kile.

Mgonjwa hakosi bima, ila atapata ya aina nyingine. Ipo ya kupanda kwa hatua, labda asilimia 30 ya fidia akifariki mwaka wa kwanza na 70 mwaka wa pili. Ipo isiyo na swali hata moja, ambayo kifo cha maradhi ndani ya miaka miwili hurudisha ada alizolipa pamoja na nyongeza kidogo, kwa kawaida asilimia 10. Kumficha mteja kipindi hicho ni kosa ambalo mimi silisamehi. Na wakala anayeweka “hapana” pale alipojua jibu ni “ndiyo” anamtega mjane: ndani ya miaka miwili ya kwanza kampuni ina haki ya kuchunguza majibu na kukataa kulipa. Tahadhari hiyohiyo ishike unapotaka kumbadilishia mtu bima aliyo nayo, maana miaka hiyo miwili huanza upya.

Kuhusu majina: hutokana na kadi za posta ambazo wazee hujaza na kurudisha, na nyingi kati ya unazouziwa zimeandikwa kwa namna inayomfanya mzee adhani ni msaada wa serikali. Ukifika mlangoni sema wazi kwamba wewe ni wakala wa bima, serikali haikukutuma. Wachache watafunga mlango, na hao wangekata bima yao mwezi wa pili hata hivyo. Aliyekuingiza kazini naye hulipwa sehemu kwa kila bima unayoandika, na wengine hupata faida kwenye majina yenyewe, kwa hiyo ushauri wake wa kununua zaidi uupime hivyo. Muulize kama atakuachia uhamie kwingine ukitaka. Jibu alitoe kwa maandishi.

Wengi wetu pia hukimbilia jamii yetu kwanza. Watu wetu hapa wengi wana miaka 35 au 40 na watoto wadogo. Hao bima ya muda maalumu inawafaa zaidi, kubwa na ya bei ndogo. Wazazi waliokuja kuishi nao ndio wateja wako, na ni wachache.

Muda? Bidhaa utazijua kwa wiki chache, dawa na orodha za kampuni kwa miezi. Kipato chako halisi hutakijua kabla ya mwaka, kwa sababu ndipo utaona bima zipi zimebaki. Hadi hapo, theluthi ya kila kamisheni inayotangulizwa iweke kando mpaka mwezi wa tisa wa bima hiyo upite.

Wiki hii chukua orodha ya wateja wote ambao bima zao bado zi hai. Mpigie kila mmoja, uulize fedha yake huingia siku gani, ulinganishe na siku ya makato, na palipopishana tuma fomu ya kubadili tarehe. Anza na wale ambao makato yao yameshindikana lakini muda wa kusubiriwa walipe kabla bima haijafa, ambao huwa kama siku 31, haujaisha.