Kabla Hujampa Nyuki Goti Lako

Msimu wa kurina ukifika, wanaonipigia simu hawatafuti asali tu. Mtu ataulizia bei ya lita, tukishakubaliana anashusha sauti: "Mama, na nyuki wazima unaweza kunipatia?" Anataka wamuume goti. Kasikia kwamba sumu yao inaponya baridi yabisi.

Huwa nakataa. Nafuga nyuki upande wa Misungwi, miiba niliyochomwa siwezi kuihesabu, na magoti yangu yanalalamika asubuhi kama ya wenzangu wa rika langu. Huo si ushahidi wa kisayansi, najua, lakini mteja huwa anacheka na tunaanza kuongea vizuri.

Wazo lenyewe ni la siku nyingi. Mwaka 1888 daktari Philipp Terč, aliyefanya kazi Maribor, mji ambao leo uko Slovenia, alichapisha habari za wagonjwa wa baridi yabisi aliowatibu kwa kuwaumisha na nyuki. Tena sumu hii si kitu cha kubezwa. Ikikaushwa, karibu nusu ya uzito wake ni melitini, kipande kifupi cha protini kinachotoboa kuta za seli. Yale maumivu ya moto unayosikia, sehemu kubwa ni kazi yake. Kimeng'enya kiitwacho fosfolipasi kinaendelea kuzibomoa kuta hizo, na ndicho kinara wa kuamsha mzio. Kingine kinalegeza tishu ili sumu isambae. Ndiyo maana mkono unavimba hadi pete haitoki.

Wanasayansi wa Perth, Australia, walitangaza mwaka 2020 kwamba sumu ya nyuki na melitini yake viliua seli za saratani ya matiti maabara. Habari hiyo ilipofika kwenye magrupu ya WhatsApp, neno "maabara" lilikuwa limeshadondoka njiani.

Kwa wagonjwa wenyewe mambo ni magumu zaidi. Uholanzi walijaribu kwa watu 26 wenye ugonjwa wa neva uitwao multiple sclerosis (MS), wakiumwa na nyuki hadi 20 kwa mara moja, mara tatu kwa wiki. Matokeo yalitoka mwaka 2005: ugonjwa haukupungua, uchovu haukupungua. Na mwaka 2018 madaktari wa Hispania waliandika kuhusu mwanamke wa miaka 55 aliyekuwa akitibiwa kwa nyuki hai kwa miaka miwili bila shida. Siku moja, mwiba mmoja, mwili ukalipuka kwa mzio, na baadaye akafariki. Hili ndilo ninalolirudia kwa kila anayeniambia, "Mimi nimezoea." Kuumwa salama jana hakukupi cheti cha kesho.

Tiba ya sumu ya nyuki yenye ushahidi imara ni ile wanayopewa watu wenye mzio wa nyuki wenyewe. Hospitali yenye wataalamu inawadunga sumu iliyosafishwa, wakianzia kiasi kidogo mno na kupanda taratibu, kwa miaka mitatu hadi mitano, mpaka mwili uache kupaniki. Hapo hakuna nyuki wa chupa.

Ukiumwa bahati mbaya, ng'oa mwiba papo hapo, kwa kucha au kwa vyovyote, maana kifuko chake kinaendelea kusukuma sumu hata nyuki akishaondoka. Usipoteze muda kutafuta kadi ya kukwangulia. Kisha ondoka hapo: mwiba unaacha harufu kama ya ndizi mbivu, inayowaita wenzake. Uvimbe wa mahali pamoja unatulizwa kwa maji baridi. Lakini ukiona vipele mwili mzima, midomo kuvimba, kifua kubana, kutapika au kizunguzungu, usinywe maziwa wala usisubiri. Mlaze aliyeumwa, miguu juu. Kama anahema kwa shida, muache akae. Anahitaji sindano ya adrenalini ya paja, haraka. Anayetumia dawa za presha za kundi la beta-blocker awaambie wahudumu, kwa sababu zinaweza kuifanya adrenalini isifanye kazi sawasawa.

Ndugu zangu wa Ukerewe na visiwa vya wavuvi, kwenu kuna swali la ziada. Kabla ya kutundika mzinga wa kwanza, nenda zahanati iliyo karibu uulize kama adrenalini ipo, na usiku boti ya kumvusha mgonjwa inapatikana kwa nani.